Nani Alikopa Ushindi wa 1997?

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Lakini kama deni lenyewe ni ushindi wa zamani, na wanaodaiwa hawakuwa hata wamezaliwa ulipopatikana, nani alipe?

Tuangalie kisa cha Scott Frost. Kule Marekani, mpira wa vyuo vikuu si mchezo wa wanafunzi kupitisha jioni. Na si soka, ni ule wao wa helmeti na mabega yaliyojazwa sponji. Chuo Kikuu cha Nebraska kiko Lincoln, katika jimbo ambalo sensa ya 2020 haikulifikisha watu milioni 2. Uwanja wake unabeba zaidi ya watu 85,000. Siku ya mechi, uwanja huo unakuwa kama mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima. Tangu 1962 tiketi za mechi za nyumbani zimekuwa zikiisha, timu ishinde ama ilimwe.

Jina hilo halikuokotwa. Nebraska walitwaa ubingwa wa taifa 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997, ule wa mwisho wakigawana na Michigan. Mataji matatu ya mwisho yalikuja chini ya Tom Osborne, kocha kwa miaka 25, aliyestaafu akiwa kileleni. Na 1997, aliyeongoza mashambulizi uwanjani alikuwa kijana wa nyumbani, Scott Frost.

Baada ya Osborne, kila kocha alipimwa kwa kivuli chake. Frank Solich alipigwa kalamu 2003 baada ya kushinda mechi 9 kati ya 12. Bo Pelini akapigwa kalamu 2014, naye akiwa na 9 kati ya 12. Kwingine ungejengewa sanamu. Nebraska ilikuwa inangoja 1997 irudi.

Basi Desemba 2017 wakamwita mtoto wao. Frost alikuwa ametoka kuipeleka UCF ya Florida msimu mzima bila kupoteza, timu iliyokuwa imeshindwa mechi zote 12 mwaka 2015. Alipewa mkataba wa miaka 7, dola milioni 35. Ni nani angekuwa na shaka? Lakini msimu wa kwanza ulianza kwa vipigo sita mfululizo. Mwaka 2021 walipoteza mechi 9, na hakuna hata moja waliyoshindwa kwa pointi 10. Katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au chini, enzi yake ilileta ushindi 5 na vipigo 22. Septemba 2022, baada ya kufungwa nyumbani 45 kwa 42 na Georgia Southern, alifutwa. Kwa jumla alikuwa ameshinda 16 na kupoteza 31. Fidia yake ilikuwa kama dola milioni 15. Wangesubiri hadi tarehe 1 Oktoba, ingepungua kwa nusu. Hawakuweza kusubiri wiki tatu.

Je, alidhulumiwa? Wengine watasema boss, ukilipwa pesa kama hizo huna haki ya kulia. Kweli kabisa. Wengine watasema ni bahati mbaya tu. Lakini bahati mbaya haikupotezi mara 22. Lawama zake ziko pale na hatuna haja ya kumfutia.

Bado kuna swali la msingi zaidi: je, alichoahidi kilikuwa kitu cha kuahidiwa? Ushindi wa Osborne ulisimama juu ya hali fulani. Nebraska iliajiri mkufunzi wa mazoezi ya nguvu tangu 1969, wakati timu nyingine hazikuona maana. Vijana wa mashambani walikuja kucheza bila ufadhili, kwa mapenzi tu. Baadaye wenzao wakaiga mazoezi, na televisheni ikaonyesha karibu kila timu, kwa hivyo kijana wa Texas hakuhitaji tena kusafiri hadi kwenye baridi ya Lincoln ndipo aonekane. Kocha anaweza kuahidi kazi, nidhamu na ukweli. Hawezi kuahidi kuwa wengine watasahau walichojifunza.

Hapo ndipo neno "kurudisha" linapotudanganya. Anayejenga anauliza tuna nini leo. Anayerudisha anauliza kwa nini leo si jana, na jibu lake kila mara ni kumtafuta mkosaji.

Mkosaji huyo mara nyingi ni mtoto. Mchezaji mgeni wa 2021 alizaliwa karibu 2003, na hiyo 1997 anaijua kwa picha za ukutani. Hadi Julai mwaka huo, sheria ilimkataza hata kulipwa kwa kutumia jina lake kwenye tangazo. Kocha ana mkataba wenye fidia, na shabiki ana kumbukumbu zake. Huyu kijana ana miaka minne na magoti mawili, halafu anatukanwa kwa sababu yeye si babake.

Utaniambia jina hilohilo ndilo linalomjazia uwanja. Ni kweli, na alilichagua mwenyewe. Lakini kurithi shamba ni tofauti na kurithi deni. Kwenye shamba unaruhusiwa kupanda mmea mwingine. Shabiki wa Ingwe, aliyekaa zaidi ya miaka ishirini baada ya 1998 bila taji la ligi, anaelewa tofauti hiyo vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote.

Tena, hiyo jana yenyewe tunaikumbuka vibaya. Septemba 1997, mapema katika msimu wa ubingwa, Frost alizomewa na mashabiki wa nyumbani kwenye mechi ambayo Nebraska ilishinda. Wapinzani siku hiyo walikuwa UCF, timu ileile ambayo angekuja kuifufua. Kwa hivyo hata 1997 halisi haikuwatosha walioiishi. Ilikuja kuwa dhahabu baadaye, ilipokuwa haiwezi tena kupoteza mechi.

Mwaka 2024, chini ya Matt Rhule, Nebraska walishinda mechi 7 na kupoteza 6. Ilikuwa mara yao ya kwanza tangu 2016 kumaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo, na watu walifurahi kweli. Solich alifukuzwa na 9. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini ya maumivu kwa 7 kuwa sherehe. Kama huo ndio mwanzo wa busara, ni busara iliyonunuliwa ghali, na sehemu kubwa ya bei ililipwa na vijana ambao hawakukopa chochote.