Tarehe ya Kutoka

Mfungwa aliyepewa miaka 30 nchini Kenya huijua hesabu yake tangu siku anapoingia gerezani. Akitunza mwenendo, Sheria ya Magereza humpunguzia theluthi, abaki na 20. Aliyefungwa maisha hana theluthi. Mlango wake ni Ibara ya 133 ya Katiba, msamaha wa Rais, na huo hauna tarehe.

Julai 2023, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ilikataa hali hiyo. Mrufani alikuwa amenajisi mtoto mdogo. Majaji walisema kumfungia mtu bila kumwonyesha mwisho ni kumvunjia utu, wakampa miaka 40. Desemba hiyo, wenzao wa Kisumu waliamua maisha ni miaka 30. Miaka kumi ikapotelea njiani kati ya miji miwili, ishara kwamba namba hiyo haikuwa imejificha ndani ya kosa ikingoja kusomwa.

Hapa mtaani Nyayo Highrise, Nairobi, duka la chini ya gorofa lina daftari la madeni. Ukikopa unga, kinaandikwa kiasi. Hakuna muuzaji anayeandika kwamba utalipa mpaka ufe. Ni rahisi kusema mrufani anadai hilo tu: aambiwe anadaiwa ngapi. Lakini mama wa yule mtoto angeuliza, na angekuwa na haki, ni nani hasa analipwa. Deni likilipwa hufutwa. Mtoto aliyeumizwa hapati chochote kutokana na miaka ya mtu mwingine, hata iwe mia.

Basi tarehe ni ya nini? Naona inamfunga anayeadhibu kuliko anavyofungwa mfungwa. Hakimu wa Kibera anayetamka “miaka 35” lazima ajieleze kwa nini si 25: umri, madhara, uwezekano wa mtu kubadilika. Anayetamka “maisha” amepumzika. Upimaji amemwachia Ikulu, au kaburi.

Aprili 2025 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Malindi na kurudisha kifungo cha maisha. Hoja ile ya utu, ilisema, haikupitia mahakama za chini, na kuweka miaka ni kazi ya Bunge. Kuhusu Bunge sina ubishi. Adhabu isiyo sawa Malindi na Kisumu haifai. Ila mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Muruatetu ya Desemba 2017, ilikwisha kulitaka Bunge lifafanue kifungo cha maisha. Mrufani ndiye anayebeba uzito wa kungoja huko, ingawa hakuwa na sauti katika ucheleweshaji.

Wala Bunge halihitaji kubuni jambo geni. Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kenya imeuridhia, unaagiza kifungo cha maisha kinachotolewa na mahakama hiyo kipitiwe upya baada ya miaka 25. Kupitiwa, si kuachiliwa: mfungwa anaweza kurudishwa seli siku hiyohiyo, lakini akiwa amepewa sababu.