Anayelala na Anayekesha

Kulala ni jambo la kila usiku, wala hapana mtu anayeombwa idhini ya kulala. Lakini upo usingizi mmoja ambao mtu huukubali kwa kutia saini, na akishaukubali mwili wake huwa mikononi mwa mtu mwingine. Huo ni usingizi wa nusukaputi, anaotiwa mgonjwa ili apasuliwe bila ya kuhisi maumivu. Yafaa tujiulize: alalaye usingizi huo anawiwa nini na yule amlindaye? Na alindaye anawiwa nini na mtu asiyeona wala kusikia?

Tutwae mfano. Pap Onditi ni mji mdogo wa Nyakach, si mbali na Ziwa Victoria, nao una hospitali ya serikali. Tuseme mzee mmoja mvuvi amelazwa huko ili apasuliwe ngiri. Jioni ameonywa asile kitu mpaka kazi iishe. Alfajiri mkewe amemletea uji kwa huruma, naye akanywa, kwa kuwa tangu utoto ameamini kwamba mwenye njaa hawezi kustahimili kisu. Saa tatu mtaalamu wa nusukaputi anafika kitandani na kumwuliza, “Mzee, umekula au kunywa chochote tangu jana usiku?” Mzee anajibu, “La, mwanangu. Sijatia kitu kinywani.”

Je, uongo huu ni mdogo? Uji ulikuwa wake na tumbo ni lake. Wengi wangesema kwamba akidhurika amejidhuru mwenyewe. Lakini tazama jinsi mambo yalivyo. Mtu aliye macho, chakula kikimrudi kooni, hukohoa, na njia ya pumzi hujifunga. Nusukaputi huulaza ulinzi huo pamoja na mwenyewe. Uji ukipanda hukuta mlango wazi, ukaingia mapafuni pamoja na uchachu wa tumbo, na mtu aweza kufa kwa kikombe kimoja. Ndiyo maana ya kanuni ya kukaa walau saa sita bila chakula, na saa mbili bila hata maji. Basi mzee hakujihatarisha peke yake. Amemfanya mtu aliyekuja kumlinda kuwa ndiye wa kumwua, tena bila ya kujua.

Hata hivyo sikubali kumlaumu mzee peke yake. Pengine aliogopa kurudishwa nyumbani, na nauli imekwisha. Pengine aliona haya mbele ya kijana. Anayeuliza kama karani wa mahakama hupewa jibu la mahakamani. Aliyeambiwa “usile” ameamriwa tu. Aliyeambiwa sababu yake ameshirikishwa katika kazi. Nadhani mwenye elimu ndiye anayetangulia kuwiwa ukweli.

Zamani jambo hili halikuwapo kwa namna hii. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga wa nchi akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Mama alikuwa amenyweshwa mvinyo wa ndizi hata akawa nusu mlevi, na watu walimshika asijitupe. Mama alipona, na mtoto aliishi. Katika milima ya Kisii, isiyo mbali na Nyakach, wako waganga waliofungua fuvu la kichwa cha mtu aliye macho. Ulaya nayo, kabla ya Oktoba 1846, mgonjwa alifungwa au alishikwa. Mwezi huo Mmarekani William Morton alimvutisha mgonjwa etha mjini Boston, naye akapasuliwa kimya.

Kimya hicho kilikuwa rehema kubwa. Lakini kiliondoa kitu kimoja ambacho watu hawakukifikiri. Kilio cha mgonjwa kilikuwa pia shahidi wake: kilimwambia mpasuaji, “Umezidi,” au, “Ningali hai.” Aliyemnyang’anya mtu kilio chake lazima awe yeye mwenyewe kilio hicho. Kwa sababu hii mtaalamu wa nusukaputi haondoki kichwani pa mgonjwa. Huhesabu pumzi, hupima mapigo na shinikizo la damu, na husikiliza chombo kidogo kilichobanwa kidoleni, ambacho sauti yake hushuka hewa safi inapopungua katika damu. Akiacha kutazama kwa dakika tano na mgonjwa akaamka salama, hapana atakayejua. Hapo ndipo wajibu unapoonekana ni wajibu au ni hofu ya macho ya watu.

Si kila upasuaji hudai usingizi. Jipu dogo hutosheka na ganzi ya mahali pake. Mama anayepasuliwa ili azae mara nyingi huchomwa sindano mgongoni, njia aliyoianzisha Mjerumani August Bier mwaka 1898; kiuno na miguu hufa ganzi, naye husikia kwa masikio yake mtoto akilia. Mwenye pumu, mwenye moyo mbovu, na anayetumia dawa za miti shamba, kila mmoja ana hatari yake, na hatari isiyotajwa haiwezi kupangiwa. Yuko pia mgonjwa ambaye afadhali apelekwe hospitali kuu ya Kisumu, ile watu wanayoiita Russia. Kusema “kazi hii yanishinda” ni kugumu kwa mwenye cheti ukutani.

Turudi kwa mzee wetu. Tuseme yule kijana hakutosheka. Alivuta kiti, akakaa, akamweleza habari ya koo na mapafu kama nilivyoieleza hapa, kisha akauliza mara ya pili. Mzee alimtazama mkewe, akainamisha kichwa. “Uji, mwanangu. Kikombe kimoja, alfajiri.” Jina lake lilishushwa chini ya orodha, akangoja mpaka alasiri, na njaa ilimwuma sana.