Drafti Imeshafumbuliwa. Tuendelee Kucheza?



Ukishuka Dumila, pale njia panda ya kwenda Kilosa, hutakosa kijiwe cha drafti. Ubao uliochorwa miraba, vizibo vya soda vya rangi mbili, wachezaji wawili, na watazamaji kumi ambao wote wanajua kuliko wachezaji. Bodaboda anasogeza kete, anakimbilia abiria, akirudi anakuta ameliwa na eti hakuna aliyeona. Ndiyo raha yake.

Sasa sikia hili. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba drafti imefumbuliwa. Kazi waliianza 1989. Mikao inayowezekana ubaoni ni kama 5 ikifuatiwa na sifuri 20, kwa hiyo hawakuipitia yote. Walipiga hesabu kamili ya kila mkao wenye kete 10 au pungufu, kisha wakauunganisha mwanzo wa mchezo na mwisho huo. Jibu: wote wawili wasipokosea, ni sare. (Hiyo ni drafti ya Kiingereza, ambayo kingi hutembea hatua moja tu. Kingi wetu anayeruka ubao mzima hayumo katika hesabu ile, wazee wa kijiweni wasiwe na presha.) Awari, ndugu wa bao letu unaochezwa Afrika Magharibi, ulifumbuliwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal huko Amsterdam. Nao ni sare.

Mtu aliyesoma falsafa lazima aulize: kama jibu linajulikana, anayecheza anafanya nini hasa?

Mtazame Marion Tinsley. Alikuwa mwalimu wa hisabati Marekani, tena mhubiri, na kwa zaidi ya miaka 40 michezo aliyoshindwa inahesabika kwa vidole. Mashirikisho ya drafti yalipokataa programu ya Schaeffer, iliyoitwa Chinook, igombee ubingwa wa dunia, Tinsley alijiuzulu ubingwa wake ili acheze nayo. Hebu fikiria, bingwa anaacha taji ili apate mpinzani! Mwaka 1992, London, alishinda michezo minne, akafungwa miwili, sare 33. Walirudiana Boston mwaka 1994. Baada ya sare sita akajitoa kwa ugonjwa. Ilikuwa saratani, na mwaka uliofuata alifariki. Taji likaenda kwa mashine ambayo haikuwahi kumshinda katika pambano zima. Na mashine, tuseme ukweli, haikufurahi wala kusikitika.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa, anauliza kama kuna fadhila katika michezo. Anajibu ndiyo: roho nayo huchoka, na pumziko lake ni furaha. Pia kutoka kwa Aristotle tumerithi tofauti kati ya tendo ambalo lengo lake liko nje yake, kama kujenga nyumba, na tendo ambalo lengo lake limo ndani yake. Kama drafti ni kazi ya kutafuta jibu, basi iliisha 2007 na vizibo tutupe. Lakini hakuna aliyewahi kukaa kijiweni ili atafute jibu. Tunakaa ili tukutane, mimi na akili yangu yenye mipaka, wewe na yako.

Ndiyo maana anayecheza huku simu iko mapajani inampa hatua anafanya kosa, hata kama hakuna hela iliyowekwa. Kujifunza kwa programu si dhambi, kama vile kikokotoo si dhambi. Dhambi ni uongo: mwenzako anaamini yuko na wewe, kumbe wewe haupo.

Linalonigusa zaidi ni hili. Siku hizi vijana tunaiuliza akili mnemba: niingie seminari au nioe? Nimsamehe baba? Tunadhani maisha nayo yana hatua bora iliyokwisha kuhesabiwa mahali fulani, tuipewe tu. Drafti inafumbulika kwa sababu kanuni zake zimefungwa na lengo limetolewa tayari. Katika maisha, lengo lenyewe unalichagua. Halafu kete haibadiliki kwa kusogezwa, bali wewe ukisamehe unakuwa mtu mwingine. Hatua uliyokopa kwa mashine haikubadilishi hivyo mpaka uifanye iwe yako, na hapo umerudi palepale pa kuamua. Hati ya Vatikano *Antiqua et Nova* ya 28 Januari 2025, sikukuu ya Thoma huyuhuyu, inasisitiza kwamba akili ya binadamu ni ya mtu mzima, mwenye mwili na mahusiano, si mashine ya kutoa majibu.

Utaniambia: "Frateri, mbona bibi namwomba ushauri? Tofauti iko wapi?" Swali zuri, na sitalikwepa kwa kusema bibi ana hekima zaidi, mara nyingine hana. Tofauti ni kwamba bibi akikushauri vibaya, atakula nawe matunda ya ushauri wake. Ndoa ikivunjika, ni kwake utakapokuja na mabegi. Anajua hilo anapofungua mdomo, ndiyo maana mara nyingi anakaa kimya kwanza.

Ila tusiwalaumu vijana haraka. Kuna vigango ambavyo padre hafiki kila Jumapili, na nyumba ambazo baba hasemezeki. Kijana mwenye swali zito Jumanne saa sita usiku ana simu tu mkononi, na simu haimkaripii. Ukimwambia aiache, uwe tayari kupokea simu yake saa hiyohiyo. Sisi mafrateri, makatekista na viongozi wa VIWAWA, wangapi tuko tayari?