Kusimama Njiani Si Kuachwa Njiani

Somo: Hesabu 9:15–23



Wengi wetu twaijua reli itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Kabla ya hapo, mtu aliyetoka pwani kwa miguu pamoja na msafara alihesabu miezi mitatu au zaidi mpaka ayaone maji ya Tanganyika kule Ujiji. Tangu mwaka 2024 liko gari liendalo kwa umeme, katika reli mpya, kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Lakini aendaye Tabora au Kigoma kwa reli ile ya zamani hulala njiani. Na jambo moja kila msafiri wa njia ile hulijua: gari husimama.

Likisimama penye mji hatunung'uniki, maana twashuka, twanunua chai na ndizi, twanyosha miguu. Lakini husimama pia porini, kwenye stesheni ndogo, usiku, penye taa mbili tatu tu, wala hakuna atwambiaye sababu. Ndipo maneno huanza behewani. Huyu asema dereva amelala. Yule asema gari limeharibika. Mwingine ajuta kwa nini hakupanda basi. Baada ya muda ardhi yatikisika, na gari la mizigo lapita upande wa pili kwa kishindo. Kisha letu laondoka. Kumbe njia ni moja! Magari mawili yatokayo pande mbili hayawezi kupishana isipokuwa moja limeingia pembeni na kulingoja jingine. Saa ile tuliyoiita hasara ndiyo iliyotulinda.

Ndugu, twataka kuwaza pamoja juu ya kusimama huku, kwa kuwa wako watu wengi katika sharika zetu waliosimama. Yuko mama aliyeomba miaka mingi apate mtoto, wala hajapata. Yuko mzee ambaye mwanawe alikwenda mjini, wala haleti salamu. Yuko mgonjwa ambaye kila asubuhi hujipima kama nguvu zimerudi, akaona hazijarudi. Yuko mwinjilisti aliyehubiri mahali pamoja miaka saba, na waliobatizwa hawajazi mabenchi mawili. Watu hao hawaulizi kama Mungu yuko. Wauliza kama amewasahau. Swali hilo ni zito, na mtu akilijibu vibaya aweza kuiacha imani yake njiani.

Basi tulitazame somo letu. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani hawakuongozwa na ramani, bali na wingu lililoifunika maskani, nalo wakati wa usiku lilionekana kama moto. Wingu likiinuka, walivunja kambi wakasafiri. Wingu likitua, walipiga hema. Tena Musa atueleza ya kuwa muda wa kukaa haukuwa sawasawa: pengine ulikuwa usiku mmoja, pengine siku mbili, pengine mwezi, pengine zaidi. Hawakuambiwa mapema ni muda gani. Twajifunza hapa mambo manne.

Jambo la kwanza ni hili: wingu lililotua ni lile lile lililoongoza. Wingu halikuwatangulia likapotea, likawaacha watu wamekaa peke yao mchangani. Lilipotua, lilitua juu ya hema iliyokuwa katikati ya kambi, na makabila yote yakapanga hema zao kuizunguka. Kwa hiyo siku ya kukaa Mungu hakuwa mbali kuliko siku ya kwenda. Sisi twapenda kumtambua Mungu katika mwendo: mvua imenyesha, mtoto amefaulu, deni limelipwa, nasi twasema, Bwana yu pamoja nasi. Lakini mambo yakisimama twasema, Bwana ametuacha. Hivyo ndivyo asemavyo abiria aliyeamka usiku, akaona gari halitembei, akadhani halina dereva.

Jambo la pili: yuko hatarini asiyengoja. Dereva hawezi kuondoa gari stesheni kwa sababu yeye amechoka kukaa, wala kwa sababu abiria wanapiga kelele. Hungoja ruhusa ya yule ajuaye kama njia iliyo mbele ni tupu. Dereva aona mwanga wa taa yake tu. Hakioni kilicho nyuma ya kilima. Wana wa Israeli walijaribu mara moja kwenda bila ruhusa. Someni Hesabu 14, mwisho wa mlango. Kwanza walikataa kuingia katika nchi walipoambiwa waingie. Kisha, walipoambiwa warudi jangwani, wakakaza mioyo wakapanda mlimani kupigana, na Musa hakwenda nao, wala sanduku la agano halikutoka kambini. Wakapigwa mpaka Horma.

Tusiwacheke. Yule mama aliyechoka kuomba, akaenda usiku kwa mganga, ameondoa gari bila ruhusa. Kijana aliyeona kwamba kazi ya haki yamchelewesha kupata mali, akapokea rushwa, ameondoa gari bila ruhusa. Na sisi walimu, tukiwaharakisha watu katika mafundisho ya ubatizo ili hesabu ya mwaka ipendeze, twafanya neno lile lile. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema kweli, lakini Mkristo anayo sababu kubwa zaidi ya kungoja, kwa kuwa hangojei bahati wala majira tu, amngojea Bwana, aonaye nyuma ya kilima.

Jambo la tatu: kungoja kuna kazi yake. Somo lasema ya kuwa watu walipokaa waliushika ulinzi wa Bwana. Maana yake, wingu likiwa limetua, sadaka ziliendelea kutolewa, taa ziliwashwa, watoto walifundishwa, wagonjwa walitunzwa. Kambi haikuwa mahali pa kulala usingizi.

Tazameni tena behewa lililosimama. Wako wawili ndani yake. Mmoja ahesabu dakika, awalaumu wakubwa wa reli, ala chakula chake amewapa wenzake mgongo. Wa pili amemwona mama aliye karibu naye, mwenye mtoto alalamikaye kwa homa. Akampisha mahali pa kumlaza, akampa maji, akamwuliza aendako na nani atampokea. Gari lilipoondoka wote wawili waliondoka saa ile ile. Kunung'unika hakukumfikisha wa kwanza mapema hata kidogo, na wema haukumchelewesha wa pili. Lakini mmoja ameipoteza saa yake, na mwenzake ameipanda kama mbegu.

Kanisa letu lenyewe limepita katika darasa hili. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika nchi ya Tanganyika mwaka 1920. Sharika nyingi zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, ambao walio wengi hawakuwa na daraja la uchungaji, na mishahara ilikuwa haba au haikuwapo. Mtu wa nje angesema, gari la Walutheri limesimama, wala halitaondoka tena. Lakini walimu wale hawakukaa bure. Waliwakusanya watu siku ya Jumapili, walifundisha Katekisimo, waliwazika wafu, waliwasuluhisha waliogombana. Kisha tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Umoja ule haukuota siku moja. Mizizi yake mingine ilishuka chini katika miaka ya kusimama, penye watu ambao majina yao hatuyajui. Wewe mwinjilisti mwenye mabenchi mawili, ukumbuke jambo hilo.

Jambo la nne: tikiti haibatiliki kwa sababu gari limesimama. Msafiri mwenye tikiti ya Kigoma, gari likikaa usiku kucha Kilosa au Manyoni, bado ni msafiri wa Kigoma. Hahitaji kununua nyingine asubuhi. Nasi tulipewa ahadi siku ya ubatizo wetu. Jina letu lilitajwa pamoja na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hatukuinunua ahadi hiyo kwa nguvu ya imani yetu, wala haipunguki siku imani yetu ikiwa dhaifu. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha ya kuwa dhambi na dhamiri zikitusonga, tujitie moyo kwa kulikumbuka neno hili, kwamba tumebatizwa. Hakutuambia tutazame mwendo wetu tuone kama twaenda kasi. Alituambia tuitazame ahadi. Basi mgonjwa asiyeweza hata kuomba kwa maneno, naashike hilo moja: Mimi ni mtu wa Kristo, ahadi yake ninayo.

Lakini hapa twasikia mtu akituuliza: Mwasema kusimama kwatulinda, je, na wale wasiofika? Swali ni la haki, wala hatuwezi kulipita. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, upande wa Dodoma, katika reli hii hii, gari la abiria lilishindwa kupanda mlima, breki hazikushika, likarudi nyuma kwa mwendo mkali mpaka likaligonga gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Walikuwa watu kama sisi: walikuwa na mizigo, na watoto, na ndugu wa kuwapokea stesheni. Wako wasomaji ambao bado wanawalilia.

Nani atathubutu kusema kwamba waliokufa walikuwa na imani haba, au dhambi nyingi kuliko waliopona? Bwana Yesu alizuia maneno ya namna hiyo. Alipotajiwa wafu, yeye mwenyewe aliukumbuka mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu kumi na wanane, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Akawaita wasikiao watubu (Luka 13). Basi na sisi tukatae. Penye msiba, Mkristo hafanyi hesabu ya dhambi za wafu. Huketi na wafiwa, na huutengeneza moyo wake mwenyewe.

Tena tusome Yohana 11. Bwana alipata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, naye akakaa siku mbili mahali alipokuwa. Alipofika, kaburi lilikuwa limefungwa siku nne. Martha hakuficha uchungu wake; alimwambia wazi kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Wala Bwana hakumkemea kwa neno hilo. Alimfundisha juu ya ufufuo, kisha akaenda kaburini, akalia machozi. Huyo ndiye tumngojeaye. Siye mkubwa akaaye ofisini asiyejali abiria. Ni Bwana aliaye pamoja nasi, naye amelala kaburini mwenyewe, akafufuka siku ya tatu. Kwa hiyo hata kaburi, ambalo machoni petu ni mwisho wa njia, mbele yake limekuwa mahali pa kungojea. Waliolala katika Kristo hawakuachwa njiani. Wamengoja kama sisi, nao watasikia sauti yake.

Basi, ndugu, tufanyeje? Wewe uliyesimama, usione haya kumwambia Mungu uchungu wako kama Martha. Usiondoke bila ruhusa kwa njia ya giza. Tazama aliye karibu nawe behewani, maana yamkini umesimamishwa karibu naye kwa ajili yake. Shika ahadi ya ubatizo wako. Nanyi ambao mambo yenu yanakwenda vizuri sasa, msiwahukumu waliosimama. Huenda wako pembeni ili ninyi mpite. Watembeleeni juma hili, nendeni na chakula, kaeni nao pasipo maneno mengi.

Walimu wanaotaka kulitumia somo hili katika mitaa yao, na wawaulize watu maswali mawili: Ni nani kati yetu anayengoja, nasi hatukumwona? Na tutaushikaje ulinzi wa Bwana pamoja naye mpaka wingu liinuke?

Tuombe: Ee Bwana, uliyekaa kati ya watu wako jangwani mchana na usiku, ukae kati yetu siku tusizokwenda. Utuzuie tusikimbilie hatari. Uwafariji waliopoteza wapenzi wao njiani. Utupe macho ya kumwona jirani, na utufikishe sote nyumbani kwako, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina.