Hongo ya Njia

Yako maneno ambayo huzeeka vibaya, na neno hongo ni mojawapo. Leo likitamkwa tunamwona mtumishi wa umma anayepokea bahasha chini ya meza. Lakini katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani yetu kwenda bara iliijua hongo kuwa ni malipo ya wazi: vitambaa, shanga na nyaya za shaba alizopewa mtawala wa nchi ili msafara upite kwa amani. Ugogo ilivuma kwa hongo yake, kwa kuwa nchi ile ni kavu, na aliyemiliki maji ndiye aliyemiliki njia. Mfasiri anayekutana na neno hilo katika habari za zama zile hupata taabu. Aandike ushuru? Ada? Rushwa? Taabu yake si ya kamusi peke yake. Ndani ya neno hilo mna suali ambalo halijafa: je, ni haki kuuza njia?

Kwanza tutenganishe malipo ya aina mbili. Yuko anayelipwa kwa sababu amefanya jambo: amechimba kisima, amefyeka msitu, amejenga daraja, amemlinda msafiri. Na yuko anayelipwa kwa sababu amesimama njiani, nawe huwezi kupita mpaka asogee. Fedha ni zile zile. Tofauti imo katika kile alichokiongeza mpokeaji. Mtemi aliyewafungulia wasafiri visima vyake alikuwa upande wa kwanza. Aliyepandisha madai kila alipouona msafara umechoka alikwisha kuvukia upande wa pili, na neno hongo likamfuata huko.

Mizani hiyo tuipeleke Nairobi. Barabara ya kulipia ya mji ule hutoka Mlolongo hadi Westlands, urefu wa kilomita 27 hivi. Pengine huenda sambamba na barabara ya zamani, na katikati ya mji hubebwa na nguzo juu yake. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, ikaanza kutumika Mei 2022, na inaendeshwa na kampuni tanzu yake kwa mkataba wa miaka 27, ndipo ikabidhiwe serikali. Ada hutozwa kwa kadiri ya masafa na aina ya gari. Tangu Januari 2024 gari dogo lilitozwa kati ya shilingi 170 na 500 za Kenya; kabla ya hapo kiwango cha juu kilikuwa 360. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kushuka kwa thamani ya shilingi. Waendao kwa miguu hawaruhusiwi kupanda juu, wala baiskeli, pikipiki na bajaji.

Wanaoitetea barabara hiyo wana hoja, na si haki kuipuuza. Mfugaji wa Turkana ambaye hataiona Westlands maisha yake yote, kwa nini alipishwe kodi ili mwenye gari afike haraka uwanja wa ndege? Anayetumia na alipe, na anayetumia zaidi alipe zaidi. Mwaka 1776 Adam Smith aliona kuwa malipo ya njia yanayofuata uzito wa gari ni ya haki, kwa kuwa kila mmoja hulipia uchakavu anaousababisha. Tena barabara ikijaa, kila gari linaloingia huwachelewesha wengine, na ada humfanya dereva ahisi japo sehemu ya gharama anayowatwika wenzake. Kwa mizani yetu, hii ni hongo ya upande wa kwanza: kuna kisima, na kuna aliyekichimba.

Lakini Smith huyo huyo alionya kuwa njia kuu isifanywe mali ya mtu binafsi. Mfereji usiposafishwa vyombo havipiti, na mwenye mfereji hukosa mapato. Kwa hiyo faida yake mwenyewe humlazimisha ausafishe. Barabara hata ikiharibika bado hupitika kwa shida, na mwenye kibanda huendelea kukusanya. Mimi naongeza hofu nyingine, ambayo Nairobi inaionyesha kwa umbo lake lenyewe. Palipo na njia ya juu ya kulipia na njia ya chini ya bure, mwenye njia ya juu hupata wateja zaidi kadiri ya chini inavyokuwa mbaya. Si lazima aiharibu. Inatosha asiwepo wa kuitengeneza. Siku ambayo shimo la chini litakuwa ni mtaji wa wa juu, mlipaji atakuwa halipii tena mwendo, bali anajikomboa kutoka katika mateso. Hapo tumevukia upande wa pili.

Wachoraji wa ramani husema kuwa mahali pa kupandia na kushukia ni suala la hesabu: magari mangapi, mwinuko gani, nafasi kiasi gani. Mimi naona ni milango. Mtaa uliowekewa mlango una barabara. Mtaa usiowekewa una paa la saruji, kelele na vumbi. Anayeamua mlango uwe wapi anaamua nani ahesabiwe kuwa ni jirani wa barabara, na uamuzi huo hausahihishwi kwa kupunguza ada. Na milango ina somo jingine. Katika miezi ya mwanzo ya kutumika kwake, mwaka 2022, magari yaliyokimbia vizuri huko juu yalipanga foleni ndefu kushukia Westlands, kwa kuwa mwisho wa njia ya juu ni ile ile njia ya wote. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Tuliichukua methali hiyo kuwa ni faraja ya wanyonge, kumbe inaeleza jambo lililo wazi kabisa: hakuna ada inayoweza kumnunulia mtu safari isiyoishia kwa wenzake.

Wala tusiambiwe kuwa michoro haibadiliki. Mwaka 2020 mtini mkubwa, wenye umri unaozidi karne moja, ulitakiwa ung'olewe Westlands kupisha ujenzi huo. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huo rais wa Kenya akaamuru mti uhifadhiwe. Nguzo zikapata pahala pengine. Ikiwa mti ulistahili kupishwa, na naamini ulistahili, basi mama mwenye mzigo kichwani anastahili kivuko chake, na aendaye kazini kwa miguu anastahili njia yake ya pembeni.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni hiari: asiyetaka kulipa apite chini. Ni hoja nzuri maadamu chini kupo. Mwaka 2025 Kenya ilizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, nayo ya kulipia, na huko inayopanuliwa ni njia kuu iliyopo. Kwetu Tanzania pia mipango ya barabara ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze na Morogoro imezungumzwa kwa miaka. Hiari bila njia ya pili ni jina tu. Wakulima wa Wales walilijua hilo. Kati ya 1839 na 1843, walipochoka kulipa geti baada ya geti kwa mkokoteni mmoja wa chokaa ya mashamba, walivaa nguo za kike usiku, wakajiita Rebecca na mabinti zake, wakayavunja mageti. Hawakuwa wakipinga barabara. Walipinga kuzungukwa.

Kwa hiyo sisemi njia isiuzwe kabisa. Serikali zetu hazina fedha za kutosha, na barabara isiyojengwa haimsaidii maskini. Nasema muuzaji afungwe kwa masharti ambayo mtemi wa zamani hakufungwa nayo. Njia ya chini itengenezwe kwa sehemu ya mapato ya njia ya juu, ili mmoja asitajirike kwa ubovu wa nyingine. Hesabu zitangazwe kila mwaka, ili raia ajue kisima kimekwisha kulipiwa kiasi gani. Na siku ya kukabidhi iheshimiwe. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipofunguliwa barabara ile atakuwa mtu mzima, pengine mzazi, mkataba utakapokwisha. Ana haki ya kuikuta njia, wala asikute kibanda kilichosahau kwa nini kilijengwa.