Rangi Juu ya Ubovu

Aghalabu watu husema kwamba ubao umeoza kwa uzee. Usemi huo si sahihi. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja zimo boriti za mikoko zilizobeba dari vizazi kwa vizazi, maadamu paa halikuvuja. Kinachoozesha ubao ni kuvu, na kuvu haiishi bila maji. Ubao ambao unyevu wake haufikii asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Ndiyo maana fundi mjuzi, kabla ya kushika patasi, huuliza kwanza maji yanatoka wapi.

Shuleni kwetu, hapa Uganda, fundi wa namna hiyo alikuja siku tatu kabla ya ugeni mkubwa. Alichomeka bisibisi katika nguzo ya ukingo wa baraza, ikazama hadi mpini kama iingiayo katika ndizi mbivu. Akatuuliza, "Walimu, nitengeneze au nipake?" Tulimjibu apake. Akajaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi ya kijani. Wageni walisifu. Mvua zilipokolea, maji yalipenya katika nyufa nyembamba baina ya puti na ubao, yakakosa pa kutokea. Mtoto wa darasa la tatu aliegemea ukingo, akaanguka nao, akavunjika mkono.

Je, nani aliyesema uongo? Wako wenzetu walioshikilia kwamba fundi hana lawama, kwani hutii amlipaye, nasi tulikuwa tumekwisha kuujua ubovu. Basi hakuna aliyedanganywa. Hoja hiyo haiturizishi. Rangi haikusema nasi. Ilisema na yule mtoto, ambaye hakuwamo katika mapatano, ikamwambia: egemea. Wala umaskini hautuokoi. Kweli fedha za mbao mpya hazikuwapo, lakini kipande cha kamba na kibao cha "Usiegemee" vingetugharimu nini, isipokuwa fahari yetu mbele ya wageni?

Hapa pana swali gumu zaidi. Fundi hodari huficha kiungo chake hata jicho lisikione. Je, naye anadanganya? Twaona sivyo. Kiungo kilichofichwa hubeba mzigo kinaouahidi. Puti iliyofichwa haibebi. Uzuri si hila, ikiwa chini yake pana nguvu.

Yule fundi alirudi, safari hii kutengeneza. (Tuzingatie kwamba katika Kiswahili kutengeneza ni kuunda na pia ni kurekebisha.) Kwanza aliziba mfereji wa paa uliokuwa ukidondoshea nguzo ile maji. Kisha akakata ubovu wote, akaendelea kukata hata akaingia katika ubao mzima, jambo lililotuuma kwa kuwa tulidhani anaharibu. Akaupaka dawa, hasa kwenye ncha, maana huko ndiko ubao hunywea maji kwa wingi. Akachonga kipande cha kiini cha mvule, si cha ule weupe wa nje uozao upesi, akakiunga kwa mshazari, nyuzi zikifuatana, kwa gundi na misumari ya kukaza.

Alipotaka kupaka rangi tulimwomba aache. Kiraka kile cha mvule ni cheusi kuliko nguzo, na wanafunzi wapya huuliza sababu. Huwasimulia yule mtoto mwenyewe, ambaye sasa yuko darasa la saba.