YULE WA NYUMA DARASANI

Katika vijiji na mitaa yetu mingi limeonekana jambo jema. Jua likielekea kutua, au Jumamosi asubuhi, watoto wa watu maskini hukusanyika katika chumba cha shule au ukumbi wa parokia, na mwalimu mwenye moyo huwafundisha kusoma na hesabu zaidi ya saa za shule. Pengine wafadhili wametoa madaftari na taa. Pengine wazazi wenyewe wamechanga shilingi chache na unga wa uji. Wote twawapongeza. Lakini tunalo swali la kuwawekea wasomaji wetu, nalo si swali la fedha wala la ratiba, bali la haki: Watoto hao huchaguliwa namna gani?

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwalimu ana nafasi ishirini, na darasa lina watoto themanini. Huwatazama wale waliopata alama za juu, huwaandika majina yao, na waliosalia hurudi nyumbani kuchunga mbuzi na kuteka maji. Ukimwuliza sababu, hakosi jibu: hawa wana tumaini la kufaulu, na wale wengine ni kupoteza wakati. Mwalimu huyo si mtu mbaya. Huenda anajitolea bila mshahara, na angependa kuona angalau mtoto mmoja wa kijiji akivuka. Hata hivyo, twaona kwamba ameushika ufagio kwa upande usiofagia.

Kwanza, yatupasa kuelewa masomo hayo ya ziada ni kitu gani hasa. Mtoto wa nyumba yenye nafasi huyapata kila siku, ila hakuna anayeyaita kwa jina hilo. Mezani kwao kuna kitabu. Baba yake husoma gazeti. Mama yake humsahihisha hesabu. Asipoelewa shuleni, huuliza nyumbani. Mtoto wa mkulima asiyejua kusoma akikosa kuelewa shuleni, amekosa kabisa. Basi, tunapomfundisha huyu jioni, hatumwongezei kitu juu ya wenzake, bali twamfikisha pale wenzake walipoanzia. Mababa wa Kanisa walifundisha tangu zamani kwamba anayempa maskini mahitaji yake hamtolei mali yake mwenyewe, bali humrudishia kilicho chake. Kama masomo haya ni deni, basi hatuwezi kumlipa yule tu anayetupendeza kwa alama zake. Mwenye deni huanza na yule anayemdai zaidi.

Pili, hata msaada unaotolewa kwa wote huweza kuwapita wanyonge bila mtu kukusudia. Katika miaka ya 1990, shule kadhaa za wilaya ya Busia, magharibi ya Kenya, zilipewa vitabu vya kiada ambavyo hazikuwa navyo. Wataalamu wakapima maendeleo ya wanafunzi, wakitazamia kuona darasa zima likipanda. Waliopanda ni wale waliokuwa mbele tangu hapo awali. Wengine walibaki walipokuwa. Sababu haikuwa uvivu. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwa watoto wengi wa huko kilikuwa lugha ya tatu. Aliyeweza kukisoma kitabu alifaidika. Asiyeweza alipewa mzigo wa kubeba. Kama zawadi iliyotolewa kwa wote huishia kwa wachache, itakuwaje zawadi ambayo tangu mwanzo tumeikusudia wachache?

Wapo waliojaribu njia nyingine, na mmoja wao alikuwa padre. Mwezi wa Desemba 1954, Don Lorenzo Milani alipelekwa Barbiana, parokia ndogo katika milima ya Toscana, nchini Italia. Palikuwa mahali pasipo barabara nzuri wala umeme, na watoto wa wakulima walikuwa wakiangushwa shuleni mmoja baada ya mwingine. Padre huyo akafungua shule nyumbani kwake. Masomo yalikuwa ya kutwa nzima, hata Jumapili na wakati wa likizo. Walisoma magazeti kwa sauti, wakalichunguza kila neno, maana aliamini kwamba asiye na maneno hudhulumiwa na mwenye nayo. Tena palikuwa na desturi moja ya ajabu: aliyekuwa mzito wa kuelewa ndiye aliyeshughulikiwa kwanza, na somo halikuendelea mpaka ameelewa. Wakubwa waliwafundisha wadogo.

Mwaka 1967 vijana wanane wa shule hiyo walitoa kitabu kwa mfano wa barua kwa mwalimu mmoja wa kike, wakionyesha kwa hesabu jinsi walioangushwa shuleni walivyokuwa kwa wingi watoto wa maskini. Mwezi Juni mwaka huohuo Don Milani akafariki, naye alikuwa na umri wa miaka 44 tu. Miaka hamsini baadaye, mwezi Juni 2017, Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Barbiana kusali kaburini pake.

Labda msomaji atasema: Padre yule alikuwa na watoto wachache, sisi tuna themanini. Neno hilo lina ukweli. Basi tutazame India. Katika miji ya Mumbai na Vadodara, shirika la Pratham liliwachukua wasichana wa mitaa ileile waliomaliza shule ya sekondari, likawafunza kwa muda mfupi, kisha likawaweka katika shule za msingi. Waliitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto. Kila mmoja alipewa kundi la watoto kama kumi na watano hadi ishirini wa darasa la tatu na la nne, wale hasa ambao bado hawajashika kusoma wala kuhesabu. Alikaa nao kama saa mbili kila siku, akaanzia pale walipokwama, si pale kitabu cha darasa kilipofika. Kazi hiyo ilichunguzwa kati ya mwaka 2001 na 2003, ikaonekana kwamba watoto waliokuwa nyuma walisogea mbele sana. Haikudai maprofesa wala majumba. Ilidai binti wa jirani mwenye subira.

Tusijifanye kana kwamba upande wa pili hauna hoja. Mtoto mwenye akili nyingi kutoka nyumba maskini naye ni maskini. Akiachwa bila ada wala vitabu, kipaji chake hupotea, na taifa zima hupata hasara. Wanaompatia nafasi katika shule njema wafanya kazi ya heshima, nasi hatuwakatazi. Tena twajua uchungu wa mzazi anayemwona mwanawe mwepesi akingojeshwa kwa ajili ya mzito. Lakini kule India wenzao waliobaki darasani na mwalimu wao hawakurudi nyuma. Na kule Barbiana yule mwepesi hakukaa bure, bali alifundisha. Anayemweleza mwenzake hesabu ya sehemu huielewa mara mbili, tena hujifunza jambo ambalo mtihani hauulizi, yaani kwamba akili yake hakupewa ili awakimbie wenzake.

Hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko alama. Tukiwachagua daima walio mbele, twawafundisha watoto wote somo moja ambalo hatukulikusudia. Waliochaguliwa hujifunza kwamba kijiji ni mahali pa kuondoka. Walioachwa hujifunza kwamba wao ni takataka, na mtoto aliyekwisha kuliamini neno hilo akiwa na miaka kumi, nani atamwondolea? Kesho ndiye atakayekuwa baba, mkulima na mpiga kura. Taifa haliongozwi na walioshinda peke yao. Huendeshwa na kila mtu awezaye kusoma hati ya shamba lake kabla ya kuitia dole gumba.

Basi, twawaomba walimu na viongozi wa parokia: mnapofungua daftari la majina, anzeni kuandika kutoka chini. Wafadhili wasiulize tu ni wangapi wamechaguliwa kwenda sekondari. Waulize pia ni wangapi walikuwa hawajui kusoma mwezi wa Januari, na sasa wanasoma. Nanyi wazazi wenye watoto wepesi, msione haya mtoto wenu akiketi na mzito kumfundisha. Na wewe mzazi uliyeambiwa kwamba mwanao hana kichwa, usilipokee neno hilo haraka. Umchukue jioni, ukamkabidhi kwa mwalimu, ukamwambie bila hofu: huyu ndiye wa kwanza.